Je, Wajua? Bufee ya “Harambe” iko Florida

Ipo “bandari ya Afrika Mashariki” ambayo haijawahi kuloweshwa na Bahari ya Hindi. Inaitwa Harambe, nayo imo ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom huko Florida, Marekani, iliyofunguliwa 22 Aprili 1998. Wabunifu wake waliiga majengo ya mji wa Lamu, Kenya, hadi plasta iliyobanduka. Kwetu tunamlipa fundi aizibe. Wao walimlipa fundi aibandue!

Humo umo mgahawa wa Tusker House, ambao mwaka 2007 ulianza kuuza chakula kwa bufee. Unalipa mara moja, kisha unajipakulia hadi ushibe: kuku, nyama ya kuchoma, mchuzi wa viungo, saladi za kuskusi. Wakati unatafuna, bata wa katuni za Disney, Donald Duck, aliyevaa kisafari anapita meza kwa meza kupiga picha na wageni. Mtu mzima hulipa zaidi ya dola 40, yaani kama shilingi laki moja za kwetu Tanzania. Kwa laki hiyo, mama lishe wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, angewashibisha wabeba mizigo wengi tu kwa wali maharage, na mchicha juu.

Cha ajabu zaidi kimeandikwa kwenye kuta za Harambe: “Uhuru 1961”. Kenya, yenye Lamu yake, ilipata uhuru 1963. Mwaka 1961 ni wa Tanganyika, na mnara wake wa Mwenge uko Mnazi Mmoja, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo.