Umeme Ukikatika, Samaki wa Tangini Hupumua Vipi?

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga jiji la New Orleans, Marekani. Jumba kubwa la kuonyeshea viumbe wa majini, lililoko kando ya mto Mississippi, lilistahimili upepo ule, na kwa siku chache jenereta ya dharura iliendelea kuzungusha maji. Kisha jenereta nayo ikazimika. Samaki walio wengi, kati ya viumbe wapatao 10,000 waliofugwa humo, walikufa. Hawakuuawa na kimbunga chenyewe, bali na maji yaliyosimama.

Msiba wa namna hiyo, kwa kipimo kidogo, hutokea majumbani na katika maabara za shule umeme unapokatika kwa muda mrefu. Tarehe 25 Agosti 2023, kwa mfano, sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Binadamu huwasha kandili akangoja. Samaki aliye ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Hapana budi basi mfugaji aelewe mambo yanayotukia ndani ya tangi, ili ajiandae mapema.

Hazina ndogo ya oksijeni

Chukua tangi lenye lita 50 za maji yaliyo na joto la nyuzi 27 za Selsiasi. Katika usawa wa bahari, maji hayo yakishiba oksijeni huwa na miligramu 8 hivi kwa kila lita, yaani jumla ya gramu 0.4 tu. Oksijeni ya kiasi hicho hupatikana katika lita moja na nusu ya hewa ya kawaida. Kwa maneno mengine, tangi zima halina akiba kubwa kuliko ile iliyomo ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa.

Joto huzidisha shida hiyo kwa njia mbili. Maji ya nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, lakini yale ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Papo hapo, mwili wa samaki hutumia oksijeni nyingi zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Mwinuko nao una athari yake: Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, ina kanieneo ya hewa iliyo pungufu kwa karibu moja ya tano, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kadiri iyo hiyo.

Oksijeni mpya huingia kupitia uso wa maji. Ikishaingia, husambaa kuelekea chini polepole mno, yapata mara 10,000 polepole kuliko inavyosambaa hewani. Ndiyo maana kazi kubwa ya viputo vya pampu ni kuyapindua maji, ili yale ya chini yapande juu yakutane na hewa. Pampu ikisimama, mzunguko huo nao husimama. Mimea ya majini haiwezi kutegemewa usiku, kwa kuwa bila mwanga usanisinuru hukoma, nayo mimea huendelea kupumua na kuila akiba ile ile.

Wafanyakazi wasioonekana

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia ni sumu kwao. Ndani ya chujio huishi bakteria ambao huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao pia huhitaji oksijeni. Maji yakisimama kwa saa kadhaa ndani ya chujio lililofungwa, huimaliza oksijeni yote iliyomo, huanza kufa, na uchafu ulionaswa humo huoza. Wafugaji wengi hupoteza samaki si umeme unapokatika, bali unaporudi, pale chujio linapoyamwaga maji hayo mabovu tangini.

Maandalizi

Jambo la kwanza ni kutojaza samaki kupita kiasi, kwani akiba ni moja na walaji ni wengi. La pili ni kuchagua pampu ya hewa inayotumia betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ikitumiwa nusu tu, ili isiharibike, itaendesha pampu ya volti 12 yenye wati 4 kwa muda wa saa 10 hivi.

La tatu, pampu ya hewa iwekwe juu kuliko uso wa maji, au mrija wake utiwe vali ya kuzuia maji yasirudi. Bila hivyo, pampu ikisimama, maji yanaweza kujivuta ndani ya mrija na kumwagikia kwenye pampu na nyaya zake.

Umeme ukiisha kukatika, samaki wasilishwe. Samaki wazima wenye afya hustahimili siku kadhaa bila chakula, ilhali chakula huongeza mahitaji ya oksijeni na kiasi cha amonia. Pasipo betri, mtu achote maji kwa kikombe safi na kuyamimina tena kutoka kimo cha sentimita 20 hivi, kwa dakika chache, na kurudia mara kwa mara. Katika nyanda za baridi tangi lizungushiwe blanketi ubavuni, lakini juu liachwe wazi.

Samaki wenyewe hutoa ishara. Wakikusanyika juu na kuhema midomo ikiwa wazi, oksijeni imepungua. Kambare na kamongo hawamo katika hesabu hiyo, kwani wao huweza kupumua hewa ya juu ya maji. Samaki waliozoea maji yenye oksijeni nyingi, kama wale wa kandokando za miamba ya Ziwa Tanganyika, huathirika mapema.

Umeme unaporudi

Kabla ya kuliwasha chujio lililosimama kwa saa nyingi, maji yaliyomo yamwagwe, na vichujio visuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini. Maji ya bomba yenye klorini yasitumiwe, kwani yatawaua bakteria waliosalia. Katika siku zinazofuata chakula kiwe kidogo, mpaka bakteria wazaliane upya.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wahesabu mara ngapi kifuniko cha matamvua ya samaki mmoja hufunguka kwa dakika, wakati pampu inapofanya kazi. Kisha pampu izimwe kwa nusu saa, na hesabu irudiwe kila baada ya dakika tano, huku joto la maji likiandikwa. Matokeo yachorwe katika grafu. Samaki akianza kuhema juu ya maji, zoezi likome na pampu iwashwe mara moja. Grafu hiyo itaonyesha muda walio nao darasa hilo kabla ya samaki wao kuhitaji msaada, na muda huo uandikwe kwenye kibao kando ya tangi.