Likizo ya Mavuno na Masomo ya Nyumbani

Akina mama wa Mbulu na Hanang tulionja kufundisha watoto nyumbani mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona. Za msingi zilifunguliwa Juni 29. Wengi tulisema hatuwezi, maana hatukusomea ualimu.

Lakini mama, likizo ya mavuno ina masomo tele. Debe sita za mahindi hujaza gunia; je, magunia saba ni debe ngapi? Akihesabu kwa Kiiraqw kwanza, mwache, kisha aseme kwa Kiswahili. Mpe kadi ya kliniki ya mdogo wake: mstari wa uzito unapanda au umelala? Nimemsikia mtoto wa darasa la nne akimweleza bibi yake mstari huo vizuri kuliko sisi wauguzi, wenye haraka daima.

Linalonisumbua ni hili: kaka hupewa daftari, dada hupewa ndoo na mtoto wa kubeba. Binti wa darasa la saba ana mtihani Septemba! Jumatatu na Alhamisi maji achote kaka. Atanung'unika, na baba huenda akacheka. Jioni taa ikiwashwa, binti akae karibu nayo, vyombo vimsubiri.