Ati Mtoto Haigizi? Christian Bale na Uhusika wa Jim

Kuna hoja inayopendwa na wahakiki wengi wa sinema, na hata kwenye semina zetu haikosekani: ati mtoto haigizi. Anawekwa mbele ya kamera, anakuwa yeye mwenyewe, basi; sifa zote zimwendee mwongozaji. Makala haya yanakusudia kuipinga hoja hiyo kwa kumchunguza Christian Bale, msanii wa Kiingereza aliyezaliwa Wales mwaka 1974.

Tuanze na riwaya. *Empire of the Sun* ya J.G. Ballard ilitoka mwaka 1984. Ballard alizaliwa Shanghai mwaka 1930, na wakati wa vita Wajapani walimweka kambini Lunghua pamoja na wazazi wake. Lakini ndani ya riwaya, Jim yuko kambini peke yake. Hapa mwandishi amefanya makusudi: amewaondoa wazazi ili mtoto aisome vita kwa macho yake, bila mkubwa wa kumfasiria. Sasa, riwaya inaye msimulizi wa kutueleza Jim anawaza nini. Filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1987 inategemea zaidi uso wa mtoto.

Na mtoto mwenyewe hakuokotwa barabarani. Mwaka 1984, akiwa na miaka 10, Bale alikwishapanda jukwaani London katika komedia ya *The Nerd* pamoja na Rowan Atkinson (ndiye huyo huyo Mr. Bean), na mwaka 1986 aliigiza mwana wa mfalme wa Urusi katika filamu ya televisheni.

Tumtazame Jim, basi. Mwanzoni ni mtoto wa kitajiri, mwenye kiburi, anayemwamrisha yaya wa Kichina. Vita inapoingia, yaya yule yule anamzaba kofi bila kusema neno, na Jim anabaki kaduwaa. Kambini amekuwa mjanja wa kubadilishana vitu, mbio huku, mbio kule. Kisha anamwambia daktari kwamba hazikumbuki tena sura za wazazi wake. Mwishoni mama yake anampata; Jim anampapasa midomo na nywele kama kipofu, anamwegemea, anafumba macho. Ni macho ya mzee. Hadithi inachukua takriban miaka minne. Filamu ilipigwa kwa miezi michache tu. Mtoto wa miaka 13 ambaye hajaiona vita angewezaje "kuwa yeye mwenyewe" katika hatua zote hizo? Hata wimbo wa Kiwelisi tunaosikia Jim akiuimba, sauti ni ya mtoto mwingine. Ya Bale ni midomo na macho.

Mfano wa pili ni *Henry V* ya Kenneth Branagh (1989), ambamo Bale ni yule Kijana aliyekuwa mtumishi wa Falstaff. Katika tamthilia ya Shakespeare, Kijana anatueleza kwamba mizigo inalindwa na watoto tu, anatoka jukwaani, harudi. Baadaye tunaambiwa watoto wameuawa; jina lake halitajwi. Branagh ameujaza mwanya huo: mfalme anaibeba maiti ya Kijana mabegani, akivuka uwanja mzima wa vita. Ushindi wa Agincourt unapata uzito mwingine kabisa, kwa sababu Kijana yule tulikwishamwona akiwatazama wakubwa wake na kuwapima.

Za ukubwani zinajulikana zaidi, lakini nadhani zimehakikiwa vibaya. Magazeti yanahesabu kilo: kwa *The Machinist* (2004) alipunguza kilo 28 hivi, kisha akanenepa haraka kwa ajili ya *Batman Begins* (2005). Si mchezo, lakini mwili uliokonda si uigizaji. *American Psycho* (2000) inafundisha zaidi: riwaya ya Bret Easton Ellis ni ya nafsi ya kwanza, maneno matupu ya mtu mtupu, na Bale anaupata utupu huo kwa kutabasamu huku macho yakiwa hayana mtu ndani.

Halafu kuna *The Fighter* (2010), iliyompa Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 2011. Dicky, bondia aliyeharibiwa na dawa za kulevya, yuko gerezani. Wafungwa wanakusanyika kutazama filamu ya televisheni inayomhusu, naye anaingia kwa mbwembwe kama nyota. Picha zinaanza kupita, kelele zinapungua, na Dicky anabaki amekaa, anajitazama.