Jua liko nje, mtoto yuko ndani

Kwa watoto walio wengi, utosi hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Mama akipapasa kichwa cha mwanawe wa miaka miwili akakuta pale juu bado pamelegea, asingoje. Hiyo ni mojawapo ya dalili za mapema za upungufu wa vitamini D, na kwa kawaida haiji peke yake. Meno huchelewa kuota. Mtoto huchelewa kukaa na kutembea. Vifundo vya mikono hunenepa, na mbavuni hujitokeza vinundu vilivyojipanga kama shanga. Matege huonekana baadaye, miguu inapoanza kubeba uzito wa mwili. Mzazi anayesubiri mpaka aone matege ndipo aende hospitali amekwisha kuchelewa.

Wapo wanaosema mtoto alisimamishwa mapema mno, au kwamba ni urithi wa ukoo. Ni kweli kwamba si kila tege ni ugonjwa: miguu ya mtoto aliye chini ya miaka miwili huwa imepinda kidogo, kisha hunyooka yenyewe. Katika baadhi ya vijiji vya Arusha na Kilimanjaro, maji yenye floraidi nyingi nayo huharibu mifupa. Ndiyo maana jicho la jirani halitoshi. Picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na kipimo cha damu ndivyo vinavyotenganisha chanzo kimoja na kingine.

Kuna dalili nyingine inayotisha zaidi. Vitamini D ikipungua sana, mwili hushindwa kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula, na kalsiamu ya damu ikishuka mno, mtoto hupata degedege. Mtoto huyo hahitaji hirizi wala kufukizwa. Anahitaji kufikishwa hospitali saa hiyo hiyo.

Watu wazima huumia kwa namna nyingine. Mgongo, nyonga na mapaja huuma maumivu mazito yasiyo na mahali maalumu. Kuinuka kwenye mkeka kunakuwa kazi, kupanda ngazi kunamlazimu mtu ajivute kwa mikono, na mwendo huwa wa kuyumba. Jamaa husema ni uzee au baridi yabisi, na mgonjwa hunywa dawa za maumivu miaka nenda rudi huku mifupa ikizidi kulainika. Wengine hawahisi chochote, au huhisi uchovu tu. Uchovu peke yake haututoshi kuamua, kwa sababu upungufu wa damu nao huchosha.

Inakuwaje tukose vitamini D kwenye nchi ya jua? Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi nje mchana kutwa. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita ya damu, ilhali 50 huhesabiwa kuwa zinatosha kwa wengi na chini ya 30 ni upungufu. Jua lao ni hili hili letu. Tofauti ni kwamba lao linafika mwilini. Mtoto wa ghorofani Nairobi au Dar es Salaam hushinda ndani na dada wa kazi mbele ya televisheni, na miale inayotengeneza vitamini D haipenyi kioo cha dirisha. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo.

Walio hatarini pia ni wanaojistiri mwili mzima na kukaa ndani, wazee wasiotoka, wagonjwa wa figo na ini, na ndugu zetu walioko Ulaya, ambako wakati wa baridi jua huwa chini mno. Huko Ghuba, joto lenyewe ndilo linalowafungia watu ndani.

Jua la alfajiri halisaidii sana: kivuli chako kikiwa kirefu kukushinda, miale inayohitajika ni michache. Kufikia saa nne kivuli kimefupika, na muda mfupi wa kucheza nje, mikono na miguu ikiwa wazi, una faida. Ngozi isiachwe iungue. Kichanga asianikwe juani. Matone ya yuniti 400 kwa siku, kwa ushauri wa daktari, yanamfaa. Mwenye ualbino asitafute vitamini juani kabisa, kwani saratani ya ngozi inamnyemelea. Kwake ni chakula na dawa.

Chakula nacho kina nafasi yake. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha watoto wenye matege waliokosa hasa kalsiamu, si jua. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mayai na samaki wenye mafuta viwemo mezani.

Lakini dawa isinunuliwe kwa kubahatisha. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu, mtu akatapika, akashikwa na kiu isiyokatika, na figo zikaumia. Dozi sahihi ikianza mapema, miguu ya watoto wengi hunyooka bila kupasuliwa. Kwa hiyo, siku ya kliniki, mtoto akishashuka kwenye mzani, mwombe muuguzi amwangalie utosi, mbavu na vifundo vya mikono. Ni haki ya mtoto wako, na uchunguzi huo hauhitaji mashine yoyote.