Kebo ya Kamera Katika Nchi ya Radi

Huko Mubambiro, kando ya barabara inayounganisha Goma na Sake katika eneo la Masisi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uzio wa kambi au wa ghala waweza kuwa mamia ya mita kutoka chumba cha mlinzi, na picha ya kamera iliyofungwa mbali kiasi hicho hutegemea zaidi waya unaoibeba kuliko ubora wa kamera yenyewe. Waya unaotumika sana kwa kamera za analogi ni kebo ya koaksia, iliyopewa hataza nchini Uingereza mwaka 1880 kwa jina la Oliver Heaviside: waya wa katikati umezungukwa na kihami cha plastiki, kihami nacho kimefunikwa na msuko wa nyuzi za metali unaozuia mawimbi ya nje, na juu ya vyote kuna ganda.

Kadiri waya wa katikati unavyokuwa mnene, ndivyo ukinzani wake, yaani kizuizi cha mkondo wa umeme, unavyopungua. Kwa kamera za analogi, aina ya RG59 hukadiriwa kufaa hadi mita 230 hivi, RG6 hadi mita 300, na RG11, iliyo nene na ngumu kupinda, hadi mita 450.

Unene peke yake, hata hivyo, hudanganya. Umeme wa masafa ya juu, yaani unaobadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, hupita kwenye ngozi ya waya tu, na ndiyo sababu kebo ya dishi la televisheni, inayobeba masafa ya megahezi 950 hadi 2,150, huweza kutengenezwa kwa chuma kilichopakwa shaba bila hasara kubwa. Picha ya kamera ya analogi huanzia masafa ya chini kabisa na kuishia karibu na megahezi 6, kwa hiyo sehemu yake kubwa huzama ndani ya waya na kukutana na chuma, kipitishi hafifu kuliko shaba, na picha hufifia kabla ya kufika. Fundi akikwangua ncha ya waya wa aina hiyo kwa kisu ataona weupe wa chuma chini ya wekundu wa shaba, na sumaku itaunasa. Kebo hiyo irudishwe dukani, na badala yake itafutwe yenye shaba tupu na msuko wa shaba unaofunika asilimia 95.

Lakini hatari kubwa ya mahali hapa ni radi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutokana na vipimo vya setilaiti uliiweka Sake, jirani wa Mubambiro, miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, kwa mimweko 143 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Aidha, mwamba wa lava, kama ule uliotiririka kutoka volkano ya Nyamulagira kati ya 1938 na 1940 hadi Ziwa Kivu, hupitisha umeme kwa shida, hivyo nondo ya kutulizia umeme ardhini hubaki na ukinzani mkubwa. Radi ya ampia 30,000 ikishuka kwenye nondo yenye ukinzani wa om 10 tu, jengo hilo hupanda kwa volti 300,000 juu ya ardhi ya mbali, na msuko wa kebo, ukiwa umeunganishwa na jengo jingine, huwa njia ya tofauti hiyo kupita hadi kwenye kinasa picha.

Kwa sababu hiyo koaksia ya shaba, hata iliyo bora, inafaa ndani ya jengo moja au baina ya majengo yanayotumia mfumo mmoja wa kutuliza umeme, ikiwa na vizuia radi kwenye ncha zote mbili. Panapozidi hapo, ni heri kulipia nyuzi za kioo zisizo na metali, ambazo hubeba picha kwa mwanga na hazipitishi umeme wa radi.