Aliyesoma na Wewe Usimpoteze

Mara nyingi katika kurasa hizi tunaongea juu ya kupeleka watoto shuleni. Mwezi huu tuongee juu ya kile kinachofuata. Mtoto akisha kumaliza shule, au akisha kuiacha, nani anajua yuko wapi? Nani anamuuliza habari?

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, halafu nitasema juu ya vyama vya wanafunzi wa zamani, vilianza vipi na vinatusaidia nini sisi tulio mbali na kwetu.

Karatasi zilizobaki nyumbani

Mwaka 2017, vita ilipofika upande wetu wa Pweto, nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Tulitoka usiku. Mama alibeba mtoto na sufuria, mimi nikabeba unga na blanketi. Buletini zangu zote tangu darasa la kwanza zilikuwa katika mfuko wa plastiki, zimechomekwa chini ya paa, na zikabaki pale pale. Nani anakumbuka buletini wakati risasi zinalia?

Tulipofika Kenani tuliandikwa majina, umri na kijiji. Siku ya kuandikisha wanafunzi nikaulizwa, "Ulifika darasa la ngapi?" Nikajibu. "Na karatasi iko wapi?" Nikanyamaza.

Aliyeniokoa hakuwa mkubwa wa ofisi. Alikuwa kijana mwenzangu tuliyekaa naye benchi moja kule kwetu. Alikuwa anapita na dumu la maji, akasikia, akasimama. Akasema, "Mwalimu, huyu namujua. Tulisoma pamoja. Mu hesabu alikuwa ananishinda, mu Kifaransa miye nilikuwa namushinda." Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka, akaandika jina langu. Ni kweli walinirudisha nyuma madarasa kwa sababu ya Kiingereza, kama walivyofanyiwa wengi wetu, lakini sikuanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika kalamu.

Siku ile nilielewa kitu kimoja. Karatasi zikiungua, anayebaki kuwa shahidi wako ni yule uliyesoma naye.

Mwaka 2018 tulipohamishiwa hapa Mantapala, tukaanza kutafutana. Tulikuwa sita chini ya muti. Mmoja akaleta daftari, tukaandika jina la kila mwenzetu tuliyemkumbuka, alisoma wapi, alifika darasa gani, na mara ya mwisho nani alimuona. Wengine tuliandika mbele ya jina lao "hajulikani". Wengine wawili tuliandika "marehemu". Mpaka leo kikundi chetu hakina jina kubwa wala muhuri. Watu wanasema tu "wale wa daftari".

Wazee wetu walitangulia

Jambo hili si geni, na si la wazungu peke yao. Kule Kinshasa, wakati ikiitwa Léopoldville, padri mmoja wa Scheut, Raphaël de la Kethulle, alianzisha mwaka 1925 chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wale. Kwa kifupi kiliitwa ADAPES. Watu walimwita padri yule Tata Raphaël. Wapenda ngumi mnalijua jina hilo: uwanja ambapo Muhammad Ali alimshinda George Foreman mwaka 1974 leo unaitwa Stade Tata Raphaël.

Kwa nini chama kama kile kilikuwa na maana? Kwa sababu wakati wa ukoloni Wakongomani hawakuruhusiwa kuwa na vyama vya siasa. Lakini watu waliosoma pamoja waliweza kukutana. Wakawa na mahali pa kujuana, kujadiliana na kujifunza namna ya kuendesha mkutano na kuheshimu neno la mwenzao. Mwaka 1946 kiongozi wa ADAPES alikuwa Jean Bolikango, na kazi yake ilikuwa nini? Mwalimu wa shule. Alifundisha tangu mwaka 1926 hadi 1958, na kati ya wanafunzi wake wametoka Joseph Iléo na Cyrille Adoula, ambao wote wawili walikuja kuwa mawaziri wakuu wa Kongo. Mwaka ule ule wa 1946 Bolikango na wenzake walianzisha umoja ulioitwa UNISCO, na mbele ya umoja huo Joseph Kasa-Vubu alitoa hotuba yake juu ya haki ya wenye ardhi. Mwaka 1960 Kasa-Vubu akawa rais wa kwanza wa Kongo.

Tusielewane vibaya. Siandiki haya ili vijana wafanye siasa kambini, hapana! Tumekuja hapa kutafuta usalama, na Zambia imetupokea. Nasema tu kwamba waalimu na makarani walianza na kukutana kidogo kidogo, kuulizana habari, kusaidiana. Hiyo hata sisi tunaweza.

Pale tulipoanguka

Sasa niseme na aibu yetu, maana ukisema mazuri tu watu hawakuamini. Sisi wa daftari tulikuwa tunachanga kwacha tano tano kwa mwezi. Mwisho wa mwaka 2021 safari za kurudi Kongo kwa hiari zilianza, na mwaka uliofuata mweka hazina wetu, kijana tuliyemwamini sana, akarudi kwa njia yake na mfuko wote. Zilikuwa kwacha 380. Hakuaga mtu.

Tulikasirika vibaya. Mikutano ikakufa. Watu wakatucheka, "Njo vile! Wakimbizi hawawezi chama." Karibu mwaka mzima hatukukutana, isipokuwa kwenye msiba.

Aliyetuamsha ni mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wetu kule kwetu, na sasa analima mihogo hapa. Alituita, tukakaa, akatuuliza swali moja: "Feza ilienda. Na daftari?" Tukamwambia daftari iko. Akasema, "Basi chama hakikuibiwa. Iliibiwa feza tu."

Tukaanza tena. Miezi michache baadaye simu ikalia, namba ya Kongo. Alikuwa yeye, yule mweka hazina. Akasema mama yake alikuwa mgonjwa ng'ambo, alichukua feza ile kwa dawa na safari, na mama alikufa. Akasema aliona haya kutuambia. Tulinyamaza, maana kila mmoja wetu alikuwa na maneno makali tayari, na hakuna aliyeweza kuyasema.

Kisha akafanya jambo ambalo feza isingefanya. Alikwenda mpaka shule yetu ya zamani. Alikuta darasa mbili hazina paa, lakini mkubwa wa shule alikuwa ameficha palmare nyumbani kwake, yaani kile kitabu cha matokeo ya kila mwaka. Tukamsomea majina kutoka daftari letu kwa simu, naye akayatafuta katika palmare. Akayaona 11. Mkubwa wa shule akaandika barua kwa kila jina. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amekata tamaa alirudi kwao na barua ile, akapokelewa mwaka wa sita, akafanya mtihani wa Leta. Alipita.

Kwacha 200 zimekwisha kurudi, zilikuja mkononi mwa mama muuza chisense wa Kashikishi. Zilizobaki bado tunamdai, na yeye anajua!

Dada aliyerudi darasani

Wazazi, habari hii ni yenu hasa. Kati ya wenzetu kulikuwa na msichana mwenye akili kuliko wengi wetu wavulana. Alipata mimba, akaacha shule, akaona haya hata kwenda kisimani saa za wanafunzi kupita. Nyumbani walisema basi, sasa ni mama, aolewe.

Wengi hatujui kwamba tangu mwaka 1997 Zambia ina mwongozo wa kuruhusu msichana aliyepata mimba kurudi shuleni akisha kujifungua. Tena tangu mwaka 2022 serikali imeondoa karo katika shule zake za sekondari. Lakini mwongozo hauwezi kumshika mtoto mchanga wakati mama yake anaandika mtihani. Hiyo ni kazi ya watu.

Basi wasichana watatu wa daftari, waliokwisha kumaliza shule, walikwenda kwa wazazi wake. Hawakwenda kugombana. Walipiga magoti wakasalimia, wakasema, "Mama, siye tulisoma na mtoto wako. Tunaomba atufuate." Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu akauliza, "Na mtoto atabaki na nani?" Wakajibu wamekwisha kupangana: Jumatatu huyu, Jumanne yule. Wavulana sisi tulipewa kazi ya kunakili masomo aliyoyakosa na kupeleka daftari nyumbani.

Alirudi. Mtoto wake sasa anatembea, na anaita watu watatu "mama". Yeye mwenyewe njo anayeandika majina mapya katika daftari letu, maana mwandiko wake ni muzuri kuliko wetu.

Wenzetu wa mahali pengine

Kule Nairobi, Kenya, kuna shule ya Starehe. Ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, katika vibanda vya mabati, kwa ajili ya watoto waliokuwa wanaishi barabarani na wale wasio na wazazi. Leo ni shule yenye jina kubwa Afrika Mashariki, na waliotoka pale wana chama chao, Old Starehian Society. Vijana wake wanafundishwa mapema kwamba aliyesaidiwa naye atoe nguvu zake: shule ina utaratibu wa wanaomaliza kujitolea kuwatumikia watu. Walioanza katika vibanda vya mabati wanatupa moyo sisi wa mahema na matofali ya udongo.

Wakimbizi wenzetu nao wako. Mpango wa DAFI ulianza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani kupitia UNHCR, unawalipia wakimbizi masomo ya chuo kikuu. Umepewa jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Katika nchi nyingi wanafunzi wa DAFI wanaunda klabu, na waliotangulia wanawasaidia wanaofuata. Wanafanya vizuri, kwa sababu mwaka 2019 ilihesabiwa kwamba kati ya vijana wakimbizi 100, ni 3 tu waliofika masomo ya juu. Shabaha iliyowekwa ni 15 kufika mwaka 2030. Nani atamwambia mtoto wa hapa mlango ule uko wapi, kama siyo yule aliyeupita?

Namna ya kuanza

Kama unataka kuanza na wenzako, haya ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa machozi:

1. Anzeni na daftari, siyo na feza. Jina, shule, darasa, mwaka. Andikeni namba mbili za simu: yake, na ya mtu mzima asiyehamahama. Mtu akivuka kwenda Kongo anabadilisha laini, na namba ya kwanza inakufa.

2. Daftari ziwe mbili, katika nyumba mbili. Nyumba inaweza kuungua, mvua inaweza kuingia.

3. Wekeni siku moja isiyobadilika. Sisi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, nyuma ya ibada. Hata wakija watu watatu, mkutano ni mkutano.

4. Mchango uwe mdogo, wenye kushika wawe watatu, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi.

5. Kila mkubwa awe na mdogo wake mmoja shuleni, amwangalie. Siku mbili hakuonekana darasani, nenda kwao, piga hodi.

6. Msiulizane kabila. Hapa tuko na Waluba, Watwa, Watabwa, Wabemba na wengine. Kuna waliokimbia kwa sababu ya kabila la yule anayekaa naye leo benchi moja. Tena watoto wa Zambia wanasoma pamoja na wetu. Nao ni wanafunzi wa zamani wa kesho, waandikwe.

Ndugu wasomaji, hatujui kesho nani atabaki hapa, nani atarudi Pweto au Moba, nani atapelekwa nchi ya mbali. Mbele ya majina mengi katika daftari letu bado imeandikwa "hajulikani". Mwezi uliopita tulifuta moja. Mama mmoja sokoni alisikia tunataja jina, akageuka akasema, "Huyo ni mtoto wa dada yangu, iko Meheba, anashona nguo." Tukaandika: Meheba, fundi nguo, yuko mzima.

Wenye majina ya kutuongezea, au wenye kutaka kujua kama jina lao limeandikwa, tuko chini ya muti ule ule, Jumapili ya kwanza. Njooni na kalamu.