Kichezeo kisichochezewa kina faida gani?

Mtoto akililia wembe mpe, walisema wahenga. Lakini mtoto wa mjini siku hizi halilii wembe. Analilia vitofali vya plastiki vya Lego, tena si vile vya kawaida bali seti maalumu ambazo hazipatikani katika kila duka. Mzazi naye hubaki akijikuna kichwa: je, atoe fedha au amnyamazishe mtoto kwa peremende?

Kabla ya kujibu swali hilo, hebu tutazame vichezeo vya aina mbili. Kuna vile vinavyotoka ng'ambo ndani ya sanduku lenye picha, na kuna vile vinavyochongwa hapa kwetu na kuuzwa ufuoni Diani, katika Kaunti ya Kwale. Vyote ni mifano midogo ya vitu vikubwa. Vyote vyaweza kumfunza mtoto, au vikaishia kuwa pambo la kabati.

Kutoka Billund

Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka wa 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen katika mji wa Billund, Denmark. Mwanzoni alitengeneza vichezeo vya mbao. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya lugha ya huko yenye maana ya "cheza vizuri".

Kitofali tunachokijua, chenye vinundu juu na mirija ndani, kilisajiliwa mwaka wa 1958. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kitofali cha mwaka huo hushikana barabara na kilichotoka kiwandani juzi. Mzazi aliyetunza vitofali vyake vya utotoni anaweza kumrithisha mwanawe, naye akaendelea kujenga. Isitoshe, vitofali sita tu vya rangi moja, kila kimoja kikiwa na vinundu vinane, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Hapo mtoto hujifunza hesabu, subira na ufundi bila ya kuchapwa kiboko.

Sasa tuje kwenye seti maalumu. Kila mwaka mashabiki wa katuni na filamu hukutana San Diego, Marekani. Lego imewahi kutoa huko seti na vijitu vya plastiki ambavyo haviuzwi madukani, na kuna miaka ambapo waliohudhuria walilazimika kushiriki bahati nasibu ili wavipate. Baadaye vitu hivyo huuzwa tena kwa watu wengine kwa bei ya kupaa.

Lakini mnunuzi analipia nini hasa? Ukiacha chapa na rangi chache, vitofali vyenyewe ni vile vile. Kinacholipiwa ni uhaba. Tena sanduku likifunguliwa tu, bei hushuka. Matokeo yake ni kwamba kitu kilichoundwa ili kichezewe hufungiwa kabatini, na mtoto huambiwa, "Usiguse!"

Kazi ya mikono ya Pwani

Turudi nyumbani. Katika ufuo wa Diani utawakuta wachuuzi wakiuza majahazi na ngalawa ndogo za mbao. Kwa kuwa kila kimoja huchongwa kwa mkono, huwezi kupata viwili vinavyofanana kabisa. Ikiwa ni uhaba unaotafutwa, basi huu hapa, bila ya bahati nasibu.

Hata hivyo, si kila king'aacho ni dhahabu. Vingine huchongwa harakaharaka kwa ajili ya mgeni asiyejua. Ukitaka kupima, anza na chombo chenyewe, kwani ngalawa halisi zimo papo hapo ufuoni, na ukishuka hadi Gazi na Msambweni utaziona pia. Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye matengo mawili yanayokizuia chombo kisipinduke, moja kila upande. Likikosekana moja, fundi amekuibia elimu. Mashua na jahazi huundwa kwa mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma. Mlingoti wa jahazi huinama mbele kidogo, na tanga hufungwa kwenye foromali iliyolala mshazari. Mfano mzuri una kamba za kweli ambazo mtoto anaweza kuzivuta akapandisha na kushusha tanga.

Aidha, uliza ni mti gani. Kwa miaka mingi wachongaji walitumia mpingo na mhugu, miti ambayo hukua polepole mno. Mwarobaini hukua upesi na huchongeka vizuri. Kataa pia kilichopambwa kwa matumbawe, maana mwamba wa bahari ndio nyumba ya samaki.

Mfano uliohifadhi elimu

Huenda msomaji akauliza kama kijimashua kina maana yoyote. Ukumbuke mtepe, chombo cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, kikaendeshwa kwa tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Leo anayetaka kujua ilivyoundwa hutegemea picha za kale, maandishi na mifano midogo iliyotunzwa katika makumbusho kama ya Lamu. Chombo kikubwa kilioza, kidogo kikabaki na siri.

Wala plastiki na jahazi si maadui. Mnamo Septemba 2018 jahazi liitwalo Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lilishushwa majini Lamu. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliliunda kwa taka za plastiki na malapa 30,000 yaliyookotwa, wakifuata ufundi ule ule wa mbao. Mwaka wa 2019 lilisafiri hadi Zanzibar.

Mzazi afanyeje?

Kama uwezo upo, nunua vitofali vya kawaida, wala usihangaike na seti za mashabiki. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe vile vidogo, kwa sababu anaweza kuvimeza. Mnunulie vile vikubwa viitwavyo Duplo, ambavyo pia hushikana na vidogo atakapokua.

Mkienda Diani, nunua ngalawa moja iliyochongwa vyema, kisha mpe mtoto vitofali na umwambie aiunde. Atajikuta akiuliza matengo ni ya nini na tanga hugeuzwaje. Na kama mfuko umetoboka, okota karara la mnazi lililoanguka, chomeka kijiti na jani, mwachie alisukume majini. Likizama, atajua amekosea wapi, na kesho ataunda jingine lililo bora zaidi.